HESABU YA PUNJE: SOMO LA NAMBARI MOJA KUBWA

Watu wengi husema ya kwamba hesabu ni kazi ya duka na ya mishahara tu, na mtu akijua kujumlisha fedha zake yamtosha. Katika somo hili nataka kuwaonyesha nambari moja peke yake. Tutatazama jinsi inavyozaliwa, jinsi inavyogawanyika, na jinsi inavyoweza kumwokoa mtu asidanganywe mchana kweupe. Namwomba kila msomaji atwae kalamu na karatasi, maana hesabu haisomwi kwa macho tu kama hadithi. Husomwa kwa mkono.

Nambari yenyewe ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Ina tarakimu ishirini. Asiyeizoea asiogope, ataisoma kwa kuanzia kulia. Tarakimu sita za mwisho, 551,615, ni mamoja ya kawaida. Sita zinazozitangulia, 073,709, ni milioni. Sita nyingine, 446,744, ni milioni za milioni. Na 18 iliyobaki kushoto ni milioni za milioni za milioni. Akishapanga hivyo ataona ya kuwa nambari kubwa ni nambari ndogo zilizopangwa vyema, kama vile ghala kubwa lilivyo magunia yaliyopangwa.

ASILI YAKE

Mchezo wa sataranji huchezwa juu ya ubao wenye vyumba 64, yaani mistari minane, na kila mstari vyumba vinane. Kisa cha kale chasema ya kuwa mfalme mmoja wa Bara Hindi alifurahishwa sana na mchezo huo, akamwambia mwenye hekima aliyeubuni, jina lake Sissa, aombe atakalo. Sissa akaomba nafaka: punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na hivyo hivyo kuzidisha kwa mbili mpaka chumba cha 64. Mfalme alikasirika, akaona amedharauliwa kwa kuombwa kitu kidogo. Lakini waandishi wake walipopiga hesabu, walirudi na kumwambia ya kwamba ufalme wote hauna nafaka ya kutosha. Jumla ya punje zote ndiyo nambari yetu.

Hatuwezi kusema ya kuwa kisa hiki kilitokea kweli, lakini hesabu yake ni kweli tupu. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarizm, aliipiga akaipata sawasawa, bila kukosea tarakimu hata moja. Naye Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, ameandika ya kwamba yeye mwenyewe hakusadiki habari hii hata alipokutana na mwandishi mmoja wa hesabu wa mji wa Iskandaria. Mwandishi yule hakuhesabu punje moja moja. Alibadili punje kuwa vipimo, vipimo kuwa maghala, na maghala kuwa miji. Alipofika chumba cha 50 alikuwa na nafaka ya kujaza mji mmoja. Na kwa kuwa toka 50 hata 64 ni hatua kumi na nne za kuzidisha kwa mbili, chumba cha mwisho peke yake kikawa na nafaka ya miji 16,384. Hapo ndipo Ibn Khallikan aliposadiki. Sisi makarani tufurahi kidogo kusikia ya kuwa aliyemshawishi mwanachuoni alikuwa karani mwenzetu.

UKUBWA WAKE

Na tupime kwa vitu tunavyovijua. Tukadirie ya kuwa punje 40 za mchele ni gramu moja. Basi kilo ina punje 40,000, na gunia la kilo mia lina punje milioni nne.

Mstari wa kwanza wa ubao, vyumba vinane, una punje 255 tu, hazijazi hata kiganja. Ukifika mwisho wa mstari wa pili una jumla ya punje 65,535, yaani kilo moja na nusu na kidogo, chakula cha jamaa kwa siku mbili. Mwisho wa mstari wa tatu, magunia manne na kidogo. Mwisho wa mstari wa nne, ambao ni nusu ya ubao, punje 4,294,967,295, yaani magunia 1,073 na zaidi. Hata hapo mfalme angaliweza kulipa na kucheka.

Lakini mwisho wa mstari wa tano ni karibu magunia 274,878. Wa sita, zaidi ya magunia milioni 70. Wa saba, zaidi ya magunia milioni 18,000. Na wa nane, zaidi ya magunia milioni 4,600,000. Mavuno ya mchele wa dunia nzima katika miaka hii yetu ni zaidi kidogo ya tani milioni 500 kwa mwaka. Basi dunia nzima ingepasa kulima zaidi ya miaka mia nane, bila mtu yeyote kula hata wali wa sahani moja, ili kumlipa Sissa. Na mtu angetaka kuzihesabu punje hizo, kila nukta ya saa punje moja, usiku na mchana, ingemchukua zaidi ya miaka milioni 584,000.

Angalieni mahali mfalme alipokosea. Alitazama mwanzo, akahukumu mwisho. Nusu ya kwanza ya ubao haimtishi mtu. Hatari yote imo katika nusu ya pili.

SIRI YA KWANZA: CHUMBA KIMOJA HUSHINDA VYOTE VILIVYOPITA

Mwanafunzi aweza kuuliza: Je, hapana budi kujumlisha vyumba 64 kimoja kimoja? La, ipo njia fupi. Tazama: 1 na 2 ni 3, na chumba kinachofuata ni 4. 1, 2 na 4 ni 7, na kinachofuata ni 8. Ukiongeza 8 ni 15, na kinachofuata ni 16. Kila mara jumla ya vyumba vilivyopita imepungua moja tu kufikia chumba kinachofuata.

Sababu yake ni hii. Twaa jumla ya vyumba vyote uizidishe kwa mbili. Kila chumba kimekuwa sawa na jirani yake wa mbele: moja imekuwa mbili, mbili imekuwa nne, nne imekuwa nane. Sasa katika jumla hiyo mpya toa jumla ya kwanza. Mbili hufutana na mbili, nne na nne, nane na nane, na hivyo mpaka mwisho. Zilizobaki ni mbili tu: chumba kipya cha mbele ambacho hakina cha kufutana nacho, na ile punje moja ya mwanzo, nayo ni ya kutolewa. Basi jumla ni chumba kinachofuata, kasoro moja. Kwa hiyo ili kuipata nambari yetu twahitaji tu kujua chumba cha 65, kama kingekuwapo, kisha tutoe moja.

Na chumba hicho nacho kina njia fupi. Anza na 2 uizidishe kwa yenyewe, upate 4. Nne mara nne, 16. Kumi na sita mara 16, 256. Hii mara yenyewe, 65,536. Hii mara yenyewe, 4,294,967,296. Hii mara yenyewe, 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita tu, na kazi imekwisha. Toa moja, nayo nambari yetu ndiyo hiyo.

SIRI YA PILI: BAO LIMO NDANI YA SATARANJI

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete zake ni 64. Tuseme mchezaji aweke punje katika mashimo ya bao kwa desturi ile ile ya Sissa, moja, mbili, nne, nane, hata shimo la 32. Jumla yake itakuwa 4,294,967,295, ile ile ya nusu ya ubao wa sataranji. Sasa, je, nambari kubwa yaweza kugawanywa kwa nambari ya bao pasiwe na baki? Ndiyo, yaweza, na jibu lake ni 4,294,967,297, yaani nambari ya bao iliyoongezwa mbili.

Kanuni yake hata mtoto aweza kuijaribu. Twaa nambari yoyote, izidishe kwa yenyewe, toa moja. Jibu ni sawa na nambari ile kasoro moja, mara nambari ile na moja zaidi. Nne mara nne ni 16, toa moja ni 15. Nayo ni 3 mara 5. Kumi na sita mara 16 ni 256, toa moja ni 255. Nayo ni 15 mara 17. Kwa kuwa nambari yetu imezaliwa kwa kujizidisha hatua sita, twaweza kuipasua kwa kanuni hii tena na tena, kama mtu apasuavyo gogo. Mwisho twapata vipande hivi:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Kila kipande ni moja ya zile hatua za kujizidisha, ikaongezwa moja: 2 na 1, 4 na 1, 16 na 1, 256 na 1, na kuendelea. Wala usisadiki kwa sababu nimesema mimi. Zidisha mwenyewe: 3 mara 5 ni 15, jumla ya vyumba vinne; mara 17 ni 255, jumla ya vyumba vinane; mara 257 ni 65,535, jumla ya vyumba kumi na sita; mara 65,537 ni nambari ya bao.

Hata bila kanuni hiyo, mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi dalili zake. Tarakimu ya mwisho ni 5, basi yagawanyika kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake zote ishirini utapata 87, nayo 87 yagawanyika kwa 3 bila baki, basi nambari nzima yagawanyika kwa 3. Lakini 87 haigawanyiki kwa 9, basi na nambari nzima haigawanyiki kwa 9.

KOSA LA MTU MKUBWA

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika kwa nambari nyingine ila moja na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Katika vipande vyetu sita, vitano vya kwanza ni tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Je, na cha sita?

Pierre de Fermat alikuwa mtu wa baraza la hukumu katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa. Hesabu ilikuwa burudani yake baada ya kazi za mashauri. Mnamo mwaka 1640 aliandika katika barua ya kuwa yeye anaamini nambari zote za namna hii ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho kamili. Alikwisha kuona tano zikiwa tasa, akadhani na zilizobaki ni vivyo hivyo. Watu waliheshimu sana maneno yake, maana alikuwa bingwa.

Ikapita miaka karibu mia. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg nchini Urusi, alionyesha ya kuwa 4,294,967,297 si tasa. Yagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Hakumtukana Fermat wala hakushindana naye kwa maneno. Alionyesha kuzidisha kumoja tu, na shauri likaisha. Msomaji naye aweza kufanya hesabu hiyo kwa dakika chache, na akimaliza atakuwa ameona kwa macho yake kosa ambalo bingwa mkubwa hakuliona.

Basi nambari yetu imepasuliwa kabisa. Vipande vyake tasa ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Na kwa kuwa kila kimoja hutokea mara moja tu, na kila kimoja chaweza kutwaliwa au kuachwa, nambari zote zinazoigawa bila baki ni 128, tukihesabu na moja na yenyewe.

Somo kwa wanaohukumu mashauri ni hili: mifano mitano si uthibitisho. Mtu aliyesema kweli mara tano aweza kukosea mara ya sita, na heshima ya msemaji haibadili hesabu.

KAZI ZAKE NYINGINE

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyekuwa bado na miaka kumi na minane, aligundua ya kuwa umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo watu wa kale hawakulijua. Nambari tasa zinazokubali kazi hiyo ni 2 pamoja na zile za Fermat, nazo zinazojulikana mpaka leo ni tano tu, zile zile zetu. Tena vipande hivyo vyaweza kuzidishwa pamoja, kila kimoja mara moja. Kwa hiyo, katika maumbo yenye pande za idadi isiyogawanyika kwa mbili, lililo kubwa kuliko yote yanayojulikana kuchorwa kwa njia hiyo ni lile lenye pande 4,294,967,295. Ndiyo nambari ya bao.

Na katika siku hizi nambari yetu imo katika kompyuta na simu nyingi. Ndani yake nambari huandikwa katika nafasi 64, na kila nafasi ni kama taa, imewaka au imezimika. Taa ya kwanza thamani yake ni moja, ya pili mbili, ya tatu nne, kama vyumba vya Sissa. Taa zote zikiwaka pamoja, nambari isomwayo ni 18,446,744,073,709,551,615. Zaidi ya hapo pahitajika nafasi nyingine.

HESABU HII KIJIJINI

Sasa naja kwenye sababu iliyonifanya niandike. Miaka michache iliyopita alikuja mgeni katika kijiji chetu na mchezo wa fedha. Kila aingiaye hutoa shilingi 10,000, kisha ataleta watu wawili, na hao kila mmoja ataleta wawili. Wale wanne wa chini wakishatoa fedha zao, yeye aliye juu yao hupokea zote, shilingi 40,000. Mgeni alikuwa ngazi ya kwanza, rafiki zake wawili ngazi ya pili, na sisi tukafuata. Waliotangulia walipokea kweli, wakanunua mabati na mbuzi, na kila mtu aliona. Nami nakiri ya kuwa niliajiriwa kuliandika daftari lao, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Mchezo ulisimama ngazi ya saba ilipojaa, maana hapakuwa na watu wengine wa kuletwa. Ndipo nilipolitazama daftari kwa jicho la Sissa. Ngazi saba ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Jumla watu 127. Waliolipwa ni ngazi tano za kwanza, watu 31. Ngazi mbili za mwisho, watu 96, hawakupokea hata senti. Shilingi zao 960,000 zilikuwa zimekwisha kupanda juu, na mgeni amekwisha kuondoka.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyeuza ndama ili awaingize wanawe, alinijia akaniambia, “Karani, mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika. Hukuona?” Sikuwa na la kumjibu. Niliona majina, sikuona hesabu.

Wala wasomaji wasidhani ya kuwa mchezo ule ulivunjika kwa bahati mbaya, au kwa kuwa kijiji kilikuwa kidogo. Siri ya kwanza imetuambia: ngazi ya mwisho daima huzidi ngazi zote zilizopita kwa mtu mmoja. Basi popote mchezo usimamapo, zaidi ya nusu ya watu wako ngazi ya mwisho. Na ngazi mbili za mwisho zikihesabiwa pamoja, ni zaidi ya robo tatu ya wote. Hauwezi kuendelea milele: ngazi zikifika 33 tu, wangetakiwa watu 8,589,934,591, na dunia nzima ina watu kama milioni elfu nane na kidogo. Ngazi 33 ni chumba kimoja tu kupita nusu ya ubao wa sataranji. Mwenye kuahidi kwamba kila mtu atapata, ama hajui kuzidisha kwa mbili, ama anajua sana.

Nawaomba walimu wafundishe hesabu hii katika madarasa, na wazee waiseme barazani kabla mgeni mwingine hajafika. Haihitaji kitabu. Yatosha bao na kibaba cha mtama: mweke mtoto punje katika mashimo, naye atakuwa hana mtama wa kutosha kabla hajafika mwisho wa mstari wa pili.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Jumla ya punje za vyumba kumi vya kwanza ni ngapi?
2. Mtu amekopa shilingi 1,000, na deni lazidishwa kwa mbili kila mwezi. Baada ya miezi kumi na miwili anadaiwa kiasi gani?
3. Zidisha 6,700,417 kwa 641. Je, Euler alisema kweli?
4. Mchezo wa fedha kama ule wa juu umesimama ngazi ya kumi ilipojaa. Ni watu wangapi hawakulipwa?

Majibu: (1) 1,023. (2) Shilingi 4,096,000. (3) Ndiyo, ni 4,294,967,297. (4) Watu 768 katika 1,023.